Upanga hadi Gerezani: Jumamosi Tuliyokwenda Kutafuta Injini

Mume wangu ana gari la viti viwili ambalo halijawaka kwa mwaka na miezi mitatu. Mimi nina daftari la matumizi ya nyumba. Siku moja vitu hivi viwili vikakutana, na ikabidi tutembee kwa miguu mpaka Kariakoo ili tuelewane.

Yote yalianza na meseji. Simu yake ilikuwa juu ya meza ya chakula, yeye yuko bafuni, mimi nakata tikiti. Ikalia. Sina tabia ya kupekua simu ya mtu, lakini kioo kiliwaka mbele ya macho yangu na maneno yakajisoma yenyewe: "Bosi mashine yako ipo. Malizia uichukue, kuna mtu anaitaka."

Hakukuwa na jina, ni namba tu. Wanawake wenzangu mtanielewa. Kwa dakika nzima nilisimama na kisu mkononi nikijiuliza ni mashine gani hiyo ya kumaliziwa, na huyo mtu anayeitaka ni nani.

Alipotoka bafuni nilimuonyesha simu, sikusema neno. Akaketi. Akakiri yote bila kupigwa hata swali moja: ametoa laki nne za advansi kwa muuza spea mmoja wa Kariakoo, kwa ajili ya injini ya V6 ya Toyota Harrier. Anataka kuifunga kwenye gari lake, lile lililolala chini ya mwembe. Na zile laki nne? Zimetoka kwenye akaunti yetu ya kiwanja cha Kigamboni.

Jamani, laki nne si mwisho wa dunia. Kilichoniuma ni kwamba habari ya pesa zetu niliisoma kwenye simu. Tuliishi siku mbili kwa "chakula kiko mezani" na "mtoto ameshaoga". Siku ya tatu nikamwambia: "Jumamosi nipeleke. Nataka kuona kwa macho hiyo mashine, na nataka kujua kila shilingi itakayoifuata. Nikiridhika, tunapanga pamoja. Nisiporidhika, gari linauzwa kama lilivyo."

Akakubali haraka mno. Nadhani hakuamini kwamba ningetembea kweli.

GARI LENYEWE

Ni Toyota MR2 nyeupe ya mwaka 1991. Kama huijui, hukosi kitu kwenye maisha ya kawaida, kwa sababu haibebi gunia la mchele wala haina kiti cha mtoto. Toyota walitoa ya kwanza mwaka 1984, nayo ikawa gari la kwanza la Kijapani kutengenezwa kwa wingi likiwa na injini katikati. Hii yetu ni ya kizazi cha pili, kilichoanza 1989 na kuendelea kwa miaka kumi hivi.

Injini katikati maana yake nini? Maana yake ukifungua boneti ya mbele unakuta tairi la akiba na rejeta. Mashine yenyewe iko nyuma ya mgongo wako, kati ya viti na matairi ya nyuma. Uzito ukiwa hapo, gari linageuka kwenye kona kama mtoto anayekimbia kuzunguka nguzo. Ndiyo maana magari ya mashindano yanapenda mpangilio huo. Ndiyo maana pia mpangilio huo una hila zake: ukiingia kona kwa kasi halafu ukashtuka na kuachia mafuta ghafla, mkia unaweza kukupita. MR2 za miaka ya mwanzo ya kizazi hiki zilisemwa sana kwa tabia hiyo, mpaka Toyota wakarekebisha saspensheni. Yetu ni ya kabla ya marekebisho.

Nakubali kwamba nina deni na hili gari. Ndilo lililonichukua siku ya kwanza kwenda Coco Beach kula mihogo. Nilikuwa nimevaa sketi ya kubana na sikujua kwamba kuingia kwenye kiti kilicho karibu na ardhi namna ile ni kazi yenye ufundi wake. Alizunguka, akafungua mlango, akageuka kutazama bahari mpaka nilipomaliza kujipanga. Nikajisemea, huyu ana malezi.

Halafu likafa, na lilikufa kwa kosa dogo. Kwa kuwa rejeta iko mbele na injini iko nyuma, maji husafiri kwenye mabomba marefu yaliyopita chini ya gari. Ukibadilisha maji lazima utoe hewa yote kupitia vali zake maalumu, la sivyo hewa inabaki ndani na maji hayazunguki. Fundi mmoja, ambaye leo simtaji, alibadili maji kama anavyobadili kwenye Corolla. Juu ya hapo akang'oa thamostati na kuitupa, kama ilivyo desturi ya mafundi wengi wa hapa mjini. Wiki iliyofuata tukiwa kwenye foleni ya Ali Hassan Mwinyi, mshale wa joto ukiwa umetulia kama hakuna kitu, gari likaua gasketi. Mshale ulitulia kwa sababu pale penye kipimo palikuwa na hewa, si maji. Mpaka tunafika Salender, silinda hedi ilikuwa imepinda na mvuke unatoka nyuma ya vichwa vyetu.

Tangu siku hiyo lipo chini ya mwembe. Watoto wa ghorofani wameandika NIOSHE kwa kidole kwenye vumbi la kioo, na kila kikao cha wapangaji kina ajenda ya "magari mabovu".

UPANGA ASUBUHI

Tulitoka saa moja na nusu, kabla jua halijakasirika. Mtoto tulimwacha kwa dada yangu.

Kama hujawahi kutembea Upanga kwa miguu Jumamosi asubuhi, jaribu. Ukiwa ndani ya gari huioni, unaona foleni tu. Ukiwa kwa miguu unaona maghorofa ya zamani ya orofa mbili tatu, yenye roshani za nondo zilizopindwa maua, nguo za jana zikikauka, na mzee mmoja anamwagilia mchaichai kwenye kopo la rangi. Nyumba nyingi za hapa zilijengwa kwa ajili ya familia za Kihindi miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, na nyingi zikawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha Shirika la Nyumba. Leo, katikati ya hizo nyumba fupi, yanachomoza maghorofa marefu ya vioo, na kila linalojengwa linakula mwembe mmoja na nafasi nne za kuegesha. Kwa hiyo gari bovu Upanga si siri ya mwenye gari. Kila mtu anajua limekaa siku ngapi.

Hata kabla hatujatoka getini tulimkuta jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee aliyezaliwa hapa hapa na ambaye Kiswahili chake cha Dar kinanishinda mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda kuzika au kufufua?" Akaonyesha MR2 kwa fimbo.

Tulipomwambia, macho yakang'aa. Akaanza kutusimulia mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na jinsi vijana wa mjini walivyokuwa wakikesha kusubiri magari yaliyojaa tope. Anamkumbuka Hannu Mikkola, ambaye mwaka 1972, akiwa na Ford Escort, alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mbio hizo. Mume wangu naye akaona amepata mwenzake, akaleta habari za Lancia Stratos.

Nikasikiliza, maana hii ilikuwa na mafunzo. Stratos lilikuwa gari la Kiitaliano lenye injini katikati, na injini yenyewe haikuwa ya Lancia. Ilikuwa V6 ya Ferrari Dino. Lilichukua ubingwa wa dunia wa rali miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Lakini Safari Rally halikushinda hata mara moja. Mwaka 1975 yalikuja yakashika nafasi ya pili na ya tatu, na ushindi ukaenda kwa Peugeot 504, gari la familia.

"Unaona!" mume wangu akasema. "Injini ya mtu mwingine, na wakawa mabingwa."

"Naona," nikamjibu. "Na huku kwetu lilishindwa na gari lenye viti vya watoto."

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

KUTOKA FIRE HADI MSIMBAZI

Tulipita barabara ya Mfaume, mbele ya makao makuu ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, kisha tukatokea Fire. Hapo ndipo Upanga inaishia na mji mwingine kuanza. Unavuka Barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yanapita na upepo wake, na ghafla hakuna tena mchaichai. Kuna mikokoteni, kuna spika inayotangaza sumu ya panya, kuna mtu amebeba godoro kichwani na anakuomba njia kwa mluzi.

Kariakoo haiko mbali na kwetu, ni mwendo wa nusu saa tu, lakini mimi huwa nakuja kwa vitenge na vyombo. Jina lenyewe, wengi mnajua, lilitokana na kile kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps. Ukilitazama soko, lile jengo la miamvuli ya zege alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa 1975, likaungua Julai 2021, unaona kwamba kazi ya hapa bado ni ile ile: kubeba mzigo wa mtu mwingine kwa bei ya makubaliano.

Tulisimama kwenye kona kunywa kahawa chungu na kashata. Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo siku zote mbili za kununiana sikuliuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akazungusha kikombe. "Kwa sababu ningekwambia ungesema hapana."

"Ningesema hapana. Halafu ungenieleza, na pengine ningesema ngoja. Hukunipa hata nafasi ya kusema ngoja."

Mwenye kahawa akajifanya anaangalia mkaa.

FUNDI ANAYEPIMA

Kabla ya kwenda dukani tulipitia kwa fundi, upande wa Gerezani. Huu ni mtaa wa chuma. Kila mlango kuna rundo: milango ya gari bila gari, giaboksi zimepangwa kama viazi, rejeta, taa, shafti. Harufu ni oili nzito na cheche za kuchomelea. Fundi wetu ni kijana aliyesoma DIT, chuo kile cha ufundi kilichoanza mwaka 1957, na anamwita mume wangu kaka, kwa hiyo mimi ni shemeji.

Nilitegemea atamshabikia mwenzie. Badala yake akavuta kigoda, akaniketisha, akachukua chaki na kuchora gari sakafuni.

"Shemeji, watu wanaogopa wakisikia injini katikati. Lakini Dar nzima tumekulia juu yake. Noah za zamani, zile za mwaka 1996 hadi 2001, injini iko wapi? Chini ya viti vya mbele. Hiace za daladala, vile vipanya? Chini ya viti. Estima ya kwanza ya 1990? Hivyo hivyo. Mimi nimeshaziinua viti mpaka mgongo unauma. Hii ni hadithi ile ile, ila mashine imehamia nyuma ya mgongo."

Halafu akanieleza njia tatu. Ya kwanza, kufufua injini ileile ya mwanzo, 3S-GE ya sisi 2,000, yenye nguvu za farasi 165 ilipotoka kiwandani. Ya pili, kuweka 3S-FE kama ya Noah, ndugu yake wa tumbo moja: inapatikana kila kona, rahisi kufunga, lakini gari linakuwa pole. Ya tatu ndiyo ya kichwa cha mume wangu: 1MZ-FE, V6 ya sisi 3,000 iliyokuja kwenye Harrier, farasi 220. Tena akaniambia kitu ambacho kilinishangaza. Ile V6 bloku yake ni ya aluminiamu, wakati ya 3S ni ya chuma cha kusubu. Kwa hiyo silinda mbili zaidi haziongezi uzito kama unavyodhani. Na kwa kuwa wenzetu duniani wameshaifunga sana kwenye MR2, inajulikana kwamba inakubali giaboksi ya gari lile.

"Basi kazi imekwisha," mume wangu akasema.

"Kazi haijaanza, kaka," fundi akamjibu, akaendelea kuchora.

Nikafungua daftari. Mauntingi lazima zitengenezwe na kuchomelewa upya, kwa vipimo. Silinda tatu za mbele zitakuwa zimebanana na ukuta wa nyuma ya viti, hivyo kubadili plagi kutakuwa na machozi. Klachi na flaiwili za kubeba nguvu mpya. Shafti. Bomba la moshi. Rejeta kubwa zaidi, feni mbili, na yale mabomba marefu ya chini ya gari, maana yakiwa na kutu V6 itakufa kifo kilekile cha mwenzake. Waya: kontroboksi ya Harrier inategemea giaboksi ya otomatiki na wakati mwingine inadai funguo yake yenyewe, sisi tuna giaboksi ya mkono, kwa hiyo ama inunuliwe kompyuta inayojitegemea ama apatikane mtu wa umeme anayejua anachofanya. Kisha breki, shokapu na matairi.

"Hivi vya mwisho ndivyo watu wanaruka," fundi alisema. "Gari lina nguvu mpya na breki za zamani. Mvua ya kwanza pale Jangwani, anakwenda Muhimbili."

Muhimbili iko mtaani kwetu. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama chaki.

Kitu cha mwisho kilikuwa karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, unahitaji ukaguzi wa polisi na kurekebisha taarifa TRA, na bila risiti na nyaraka za forodha za hiyo mashine huna cha kuonyesha. Bima nayo lazima ijue kilichomo, la sivyo siku ya ajali utaambiwa gari hili si lile tulilolikatia.

Tukajumlisha pale pale juu ya kigoda, kwa bei za kukadiria. Injini aliyoambiwa mume wangu ilikuwa milioni mbili na laki mbili. Vyote vilivyobaki: milioni sita na laki saba. Ukiweka na cha dharura, unavuka kumi. Yaani kile alichokuwa anakiita "gari" kilikuwa chini ya robo ya gari.

MASHINE YA LAKI NNE

Dukani tulipokelewa vizuri sana. "Karibu dada, karibu bosi." Mashine ilikuwa juu ya tairi kuukuu, imeoshwa kwa mafuta ya taa, inang'aa kama bibi harusi.

Fundi alikuwa ameniambia cha kuangalia, kwa hiyo niliomba mimi mwenyewe. "Kaka yangu, naomba unifungulie kifuniko cha oili."

Muuzaji akamtazama mume wangu. Mume wangu akasema, "Mfungulie."

Nikawasha tochi ya simu. Ndani kulikuwa na matope meusi, mazito, yameganda kama uji wa jana. Injini hizi zina historia hiyo. Zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zisipobadilishwa oili kwa wakati, hugandisha oili ndani mpaka njia zinaziba. Toyota wenyewe mwaka 2002 waliweka utaratibu huko Marekani wa kuwahudumia wateja waliopatwa na tatizo hilo. Tukatazama waya: zimekatwa kwa kisu, vipande vya inchi tatu tatu. Kontroboksi? "Itatafutwa." Nyaraka za forodha? "Zipo kwa mwenye mzigo."

Mume wangu alikuwa ameshaelewa. Nilimwona amesimama mikono mfukoni, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake mbaya. Na hapo, sijui kwa nini, hasira zangu zote zikaisha. Kumbe alikuwa anatafuta njia ya kurudi kwenye ile siku ya mihogo. Alikosea njia tu.

"Pesa hairudi, dada," muuzaji akasema kabla hatujauliza. "Hapa ni kuchukua mali."

Basi tukachukua mali. Ilituchukua saa nzima na soda mbili. Tulitoka na rejeta ya aluminiamu iliyopimwa kwa tepu mbele yetu na kujazwa maji kuona kama inavuja, feni mbili zilizojaribiwa kwa betri, hosipaipu mpya, na thamostati. Ndiyo, thamostati, na nilisimamia iingie mfukoni mwa mume wangu. Risiti ikatolewa.

TULICHOAMUA

Tulirudi Upanga kwa bajaji, rejeta imelala mapajani mwetu kama mtoto wa watu. Jioni tukakaa na daftari.

V6 haijafutwa. Niseme ukweli, hata mimi sasa naitaka. Lakini imewekwa mwisho wa foleni. Miezi minne ya kwanza ni maji, breki na matairi, kazi ambazo gari linazihitaji hata likifungwa injini gani. Miezi minne inayofuata ni kutafuta mashine yenye nyaraka, waya zisizokatwa na kontroboksi yake, na kupima kila kitu kabla ya kutoa hata shilingi. Ikifika wakati huo hatujapata iliyo safi, tunafufua ya zamani na kufurahi. Akaunti ya Kigamboni haiguswi. Gari limefunguliwa akaunti yake, kila mmoja anaweka sawa, na anayetaka kutoa lazima mwenzie ajue. Zile laki nne atazirudisha kwa mafungu, na fungu la kwanza ameshaweka.

Magharibi, mtoto aliporudi, akataka kuona "rejeta ya baba". Tukashuka wote. Mume wangu akafungua milango ya MR2 hewa ipite, mimi nikaingia upande wa dereva, yeye upande wa abiria, mtoto akajibana katikati juu ya breki ya mkono. Watu watatu kwenye viti viwili, gari haliendi popote. Mzee wa chini akatupungia fimbo kutoka barazani.

"Tunaenda wapi?" mtoto akauliza.

"Coco Beach," baba yake akasema. "Ila mama ndiye anayeendesha."

UKIPANGA KUBADILI INJINI: MAMBO YA KUANDIKA KABLA YA KUTOA PESA

• Nenda na fundi wako, na nenda asubuhi. Mchana wa Kariakoo kila mtu ana haraka, na haraka inauza.

• Fungua kifuniko cha oili na umulike kwa tochi. Matope meusi ni kwaheri. Oili ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia.

• Omba waya zisizokatwa, kontroboksi inayolingana na injini, na funguo yake kama inahitajika.

• Linganisha namba iliyogongwa kwenye injini na karatasi. Dai nyaraka za forodha na risiti ya EFD. Bila hizo, kurekebisha kadi kutakuwa kizungumkuti.

• Andika bei ya injini, kisha andika vyote vinavyoizunguka. Jumla ndiyo bei yenyewe.

• Gari lenye injini katikati linataka kutolewa hewa kwenye maji kwa utaratibu wake. Mwulize fundi anafanyaje. Akisema "kama Corolla", mshukuru na uondoke.

• Breki, shokapu na matairi kwanza, nguvu baadaye.

• Mwambie mwenzio kabla hujatoa advansi.